Ubaridi wa Uongo: Stori ya Mnanaa, Kutoka Kikopo cha Mafua Mpaka Kwenye Sigara

Mtu akibanwa na mafua usiku, kitu cha kwanza kutafutwa ni kile kikopo cha dawa ya kuchua. Anajipaka kifuani, anavuta harufu, na dakika mbili baadaye anatangaza kwamba pua imefunguka.

Kumbe wala haijafunguka. Wataalamu waliwapima watu wenye mafua kabla na baada ya kuvuta mentholi, wakakuta hewa inayopita puani ni ileile. Kilichobadilika ni hisia. Ubongo umeambiwa kuna upepo wa baridi, nao umeamini.

Hiyo ndiyo siri ya mafuta ya mnanaa, na stori yake ni nzito kuliko pipi inavyoonyesha. Na pipi yenyewe imo humo. Neno "peremende" lilitokana na jina la Kiingereza la aina moja ya mnanaa, lile la peppermint. Yaani dukani Mswahili alikuwa akiutaja huo mmea muda wote, bila kujua.

Mnanaa hauyatengenezi mafuta yale kwa ajili ya binadamu. Juu ya majani yake kuna vitezi vidogo sana vilivyojaa mafuta, na kazi yake ni kumlinda dhidi ya wadudu na magonjwa. Ukilifikicha jani, vitezi vinapasuka na harufu inatoka. Mentholi ndiyo nyota wa mafuta hayo. Ukiyapoza vya kutosha, inajitenga na kuwa chembe nyeupe zinazong'aa kama vipande vya kioo. Mwaka 1771, daktari mmoja aliyekuwa akifundisha Leiden, Uholanzi, alizieleza chembe hizo kwa maandishi. Huko Japani nako watu walikuwa wakizijua kitambo.

Wajapani ndio walioufanya mnanaa kuwa biashara kubwa. Aina yao ina mentholi nyingi kuliko ile ya Ulaya, na wakulima wa Kitami, kaskazini kabisa kwenye kisiwa cha Hokkaido, waliukamata mchongo kisawasawa. Mwishoni mwa miaka ya 1930, takriban asilimia 70 ya mnanaa wa dunia ulitoka kwao. Halafu Vita Kuu ya Pili ikaja, meli zikakwama, soko likahamia Brazil. Leo mfalme wa mentholi ya shambani ni India.

Ila kabla ya vita hiyo, kuna jamaa mmoja wa Ohio, Marekani, aliyebadilisha mambo. Inasimuliwa kwamba alikuwa na shida ya kifua, akapewa chembe za mentholi avute. Akazihifadhi kwenye kopo moja na sigara zake. Alipokuja kuwasha sigara, moshi ukapita kooni laini, una ubaridi. Mwaka 1925 akapata hataza ya ugunduzi huo, kisha akaiuza kwa kampuni ya tumbaku. Dawa ya kifua ikawa kiungo cha sigara, hivihivi.

Kampuni ziliupenda ubaridi ule kwa sababu moja. Moshi wa sigara unakwaruza koo, na mkwaruzo huo ndio unaomfanya anayejaribu mara ya kwanza akohoe na kuachana nayo. Mentholi inaunyamazisha. Sumu ni ileile, ila mwili unapewa taarifa kwamba hali ni shwari. Anayeanza anaendelea, na anayetaka kuacha anapata tabu zaidi.

Kuanzia miaka ya 1960, kampuni hizo ziliwalenga Wamarekani weusi kwa nguvu. Matangazo yalijaa kwenye magazeti yao, sigara za bure zikagawiwa mitaani kwao, matamasha ya jazz yakapata wadhamini. Mwaka 1953, ni kama asilimia 5 tu ya wavutaji weusi waliopendelea sigara za mentholi. Miongo michache baadaye ikawa zaidi ya asilimia 70. Ladha hiyo haikuota yenyewe mtaani. Ilipandwa, ikamwagiliwa kwa pesa.

Cha kushangaza, wakati hayo yote yanatokea hakuna aliyejua mentholi inafanyaje kazi. Jibu lilikuja mwaka 2002, kutoka maabara mbili tofauti za California. Kwenye neva za hisia kuna vijilango vinavyofunguka joto likishuka chini ya nyuzi 26 hivi, na vikifunguka ubongo unapokea ujumbe mmoja tu: baridi. Mentholi inavifungua vijilango hivyohivyo bila joto kushuka hata kidogo. Ni kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango kisha anakimbia: kengele imelia kweli, lakini mlangoni hakuna mgeni. Mwaka 2021, wanasayansi waliokuwa wakiongoza maabara hizo wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao kuhusu hisia za joto na mguso.

Sheria nazo zimeanza kuamka. Canada ilipiga marufuku sigara za mentholi nchi nzima mwaka 2017, Umoja wa Ulaya mwaka 2020. Marekani, ambako mchezo ulianzia, serikali ilipendekeza katazo mwaka 2022, na mwanzoni mwa 2025 pendekezo likaondolewa.

Mnanaa wenyewe hauna kesi. Chai yake bado tamu, na aliyebanwa na mafua ana haki ya kupata nafuu, hata kama ni ya hisia tu. Ila ubaridi uleule sasa umehamia kwenye shisha na sigara za umeme, na unauzwa kwa jina la "fresh". Anayevuta anasikia hewa safi. Mapafu yake yanapokea kitu kingine kabisa.