Chukudu: namna ya kuchagua kufuatana na njia

Chukudu, ile kinga ya mbao isiyo na pedali, inabeba makala, viazi na kuni huko Kivu Kaskazini. Mjini Goma imejengewa hata sanamu. Kupanda inasukumwa, kushuka mwenyewe anaipanda.

Anayeanza achukue ndogo, mzigo kidogo. Ile kubwa, yenye kupakia hata kilo 300, ni ya mzoefu tu.

Njia ya mawe inaomba mbao ngumu, na magurudumu yaliyovalishwa mpira wa pine za zamani. Kwenye matope, kama Kilembwe wakati wa mvua, gurudumu jembamba linazama.

Kabla ya kulipa, jaribu freni: ule mpira wa nyuma unaokanyagwa na mguu. Ukiwa umelika, usishuke nayo mlima.