"Sharti" la Pavlov na Tafsiri Yake

Ivan Pavlov alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya umeng'enyaji wa chakula, wala si kwa jambo ambalo jina lake hukumbukwa kwalo. Katika maabara yake ya St. Petersburg mbwa walitokwa na mate kabla ya chakula kuwafikia. Mapigo ya metronomu yaliyotangulia mlo mara kwa mara yalitosha. Itikio hilo aliliita kwa Kirusi "uslovni", yaani lenye kutegemea sharti: chakula kisipoifuata ishara, nalo hufifia.

Tafsiri ya Kiingereza ya G. V. Anrep, iliyochapishwa mwaka 1927, ilitumia umbo la kutendwa, kana kwamba mnyama amekwisha kutiwa kitu ndani yake. Tofauti yenyewe ni ya kiambishi tu. Hata hivyo, iliafikiana mno na saikolojia ya mwenendo aliyoitangaza John B. Watson mwaka 1913, na mbwa akabaki kuwa mtendwa.

Majaribio ya Robert Rescorla katika miaka ya 1960 yalionyesha kwamba kukutana kwa ishara na tukio hakutoshi. Sharti tukio liwe na uwezekano mkubwa zaidi ishara inapokuwapo kuliko isipokuwapo. Sayansi, basi, ilichukua miongo kadhaa kulirudia wazo ambalo neno la Kirusi lilikuwa limelibeba tangu awali. Mfasiri wa Kiswahili atakayeandika "itikio la kuzoeshwa" atakuwa amemfuata Anrep. "Itikio sharti" liko karibu zaidi na Pavlov, ingawa sikio halijalizoea.