Asili ya Mas'ala: Hesabu ya Mirathi Mwambaoni

Mwanafunzi wa leo ajumlishapo sehemu huambiwa atafute kwanza kigawe kidogo cha shirika cha asili zake, na huenda akadhani kuwa hesabu hiyo ilizaliwa ubaoni; lakini katika mwambao wetu ufuatao madhehebu ya Shafi, kadhi aliifanya mbele ya warithi waliofiwa, na ile namba iliyotafutwa, wanavyuoni wa faraidhi huiita asili ya mas'ala.

Chimbuko lake ni Sura ya An-Nisaa, iliyotaja mafungu sita: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Kwa kuyakutanisha hayo, wanavyuoni walipata asili saba, nazo ni 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24, wakaiweka njia ya kuzipata katika milango minne: namba zikiwa sawa, hutosha moja, moja ikiingia ndani ya mwenziwe, kama 3 katika 6, hushikwa iliyo kubwa, zikiafikiana, kama 6 na 8 ziafikianavyo kwa nusu, nusu ya moja huzidishwa kwa nyingine nzima, na zikitengana kabisa, kama 3 na 4, huzidishwa zote mbili. Basi marehemu akiacha mke, mama na mwana mmoja wa kiume, thumni ya mke na sudusi ya mama hukutana katika 24. Na urithi ukiwa minazi 240, mke hupata 30, mama 40, na mwana 170 iliyobaki.

Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, alikitenga kipande kikubwa cha kitabu chake cha aljebra kwa wasia na mirathi; na kwetu thumni ilizoeleka ulimini hata ikawa jina la sarafu ya nusu shilingi.

Lakini kuna siku mafungu hujumlishwa yakaizidi asili yenyewe. Yasimuliwa kuwa Sayyidna Ali aliulizwa, naye yu juu ya mimbari, habari za maiti aliyeacha mke, baba, mama na mabinti wawili. Mafungu yao katika 24 ni 3, 4, 4 na 16, jumla 27. Akajibu kuwa thumni ya mke imekuwa moja ya tisa. Ndiyo auli: asili hupandishwa hadi 27, mwenye fungu kubwa akapunguziwa kwa wingi na mwenye dogo kwa uchache, wala hapana mrithi aondokaye mikono mitupu kwa kuwa alitajwa mwisho.