Kwa Nini Nafuu Huchelewa: Dawa za Sonona katika Ubongo na Mwili

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu kwa majuma na kumwondolea mtu usingizi, hamu ya chakula na nguvu ya kufanya kazi, kwa muda mrefu imeelezwa kuwa ni upungufu wa kemikali ya ubongo iitwayo serotonini, ambao kidonge huujaza. Maelezo hayo ni mepesi kukumbukwa, lakini yanakinzana na jambo ambalo tabibu hulishuhudia kila mara: dawa hubadilisha kemikali ndani ya saa chache, ilhali nafuu huchukua majuma mawili hadi manne, na pengine zaidi.

Nadharia ya upungufu ilizaliwa baada ya dawa zenyewe. Mwaka 1952 wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi katika hospitali ya Sea View, New York, walichangamka kupita matarajio, na mwaka 1957 Roland Kuhn wa Uswisi akaeleza jinsi imipramini ilivyowainua wagonjwa wa sonona. Wataalamu waliofuata walianza na utendaji wa dawa, wakakisia chanzo cha ugonjwa, ingawa kupata nafuu kwa dawa hakutoshi kuthibitisha chanzo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 na Joanna Moncrieff na wenzake hayakupata ushahidi thabiti wa upungufu huo.

Utendaji wenyewe una utata zaidi. Seli za neva hupeana habari kupitia nafasi finyu iitwayo sinapsi: seli moja humwaga serotonini, ya pili huipokea kwa vipokezi vyake, kisha ile ya kwanza huifyonza iliyobaki. Fluoxetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, huzuia ufyonzaji huo, hivyo serotonini hurundikana. Hata hivyo, seli inayomwaga ina vipokezi vya kujichunga, ambavyo vikihisi wingi huo huiamuru ipunguze kumwaga, na kwa siku za mwanzo ubongo hupunguza kile ambacho dawa inaongeza. Ni baada ya majuma kadhaa ndipo vipokezi hivyo hulegea, na tafiti za panya zimeonyesha kwamba katika kipindi hichohicho seli mpya huota kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kusema kwamba dawa huusukuma ubongo ujipange upya, na kujipanga huko hakuwezi kuharakishwa kwa kuongeza vidonge.

Mwili, kwa upande wake, hausubiri. Takriban asilimia 90 ya serotonini yote imo katika njia ya chakula, na ndiyo sababu kichefuchefu na kuharisha hutokea siku za kwanza kabisa. Chembe sahani, zinazogandisha damu, nazo hutegemea serotonini, hivyo anayetumia fluoxetini pamoja na ibuprofeni huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuvuja damu tumboni. Kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa ni athari ya kawaida ambayo wagonjwa wengi huona haya kuitaja, na ni wajibu wa tabibu kuitaja kwanza. Amitriptilini, dawa kongwe na ya bei nafuu, hukausha mdomo, hufunga choo na huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ikimezwa kwa wingi huua, na kumkabidhi vidonge vingi kwa mkupuo mgonjwa anayewaza kujiua ni kosa kubwa.

Wanaohitimisha kwamba dawa hizi hazifai kitu nao wamekosea. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumuisha majaribio 522 na washiriki 116,477 ulionyesha kwamba dawa zote 21 zilizochunguzwa zilivishinda vidonge bandia kwa watu wazima, ijapokuwa kwa tofauti ya wastani. Kwa vijana tahadhari ni kubwa zaidi, kwani tangu mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imeagiza onyo kuhusu mawazo ya kujiua.

Ubongo uliokwisha kujipanga hutikisika dawa ikikatishwa ghafla, na mgonjwa hupata kizunguzungu, wasiwasi na hisia mfano wa shoti ya umeme kichwani. Basi kila anayeandikiwa dawa ya sonona aelezwe siku hiyohiyo, kwa lugha anayoielewa, kwamba maudhi hutangulia na nafuu hufuata, na kwamba akitaka kuacha arudi kwa tabibu ili dozi ipunguzwe kidogo kidogo.