Umeme wa Kwa Jirani

Nilipokuwa mtoto Sumbawanga, jioni tuliipima kwa mngurumo wa jenereta. Ukiwapo, tulisoma. Ukinyamaza, tuliwasha koroboi na kuendelea mpaka moshi utuchome macho. Mafuta yalitoka mbali: Dar es Salaam hadi Tunduma, kisha kilomita zaidi ya mia mbili za vumbi, na wakati wa masika malori yalilala njiani siku nyingi. Kwa hiyo mtoto wa Ufipa alijua mapema kwamba taa ni habari ya barabara.

Hayo huyakumbuka kila nisikiapo mjadala wa kurekebisha sekta ya umeme nchini. Tangu Sera ya Nishati ya mwaka 1992, hoja kubwa imekuwa ni nani awe mwenye mali: umma au watu binafsi. Kwetu swali lilikuwa jingine kabisa. Waya unatoka wapi?

Tukumbuke tulikotoka. TANESCO ya leo ilipatikana mwaka 1964 kwa kuunganishwa kampuni mbili za enzi ya ukoloni, na mwaka 1975 ikawa mali ya Serikali yote. Mwaka huohuo Kidatu ilianza kutoa umeme, Mtera ikafuata mwaka 1988, na gridi ya Taifa ikaenea. Haikutufikia. Miji ya pembezoni kama wetu ikawekewa mashine za dizeli, lakini umeme wake ukauzwa kwa bei moja nchi nzima. Mtu wa Katandala alilipia uniti sawasawa na mtu wa Kariakoo, ingawa kuizalisha ile ya Katandala kuligharimu mara kadhaa zaidi. Ule ulikuwa ujamaa ambao hakuna aliyeuhubiri jukwaani. Ulikuwa ndani ya ankara.

Si kwamba uwanda wetu haukuwa na nguvu zake. Seminari ya Kaengesa ilijiwekea mtambo wa maji mwaka 1967, kilowati 44 tu, na wanafunzi wake walisoma kwa mwanga wa mto wao. Na kabla ya hapo sana, mafundi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo yaliyovuta upepo yenyewe, bila mivukuto. Nalisema hili kwa fahari kidogo, msomaji anisamehe.

Basi mageuzi yakaja. Mwaka 1995 ulisainiwa mkataba wa IPTL, mtambo wa megawati 100 wa mafuta, ambao baada ya mabishano marefu ya gharama ulianza kuzalisha mwaka 2002. Mwaka huo pia wasimamizi wa NETGroup kutoka Afrika ya Kusini waliingizwa TANESCO kwa ulinzi wa polisi, wafanyakazi wakipinga. Walikusanya madeni kwa ukali na mapato yakapanda, hilo tusiwanyime. Lakini kukusanya fedha si kuleta mvua. Mwaka 2006 Mtera ilikauka, mgawo ukaikumba nchi, na mkataba wao ukaisha bila kuongezwa. Ile haraka ya kutafuta mitambo ya dharura ikazaa Richmond, na Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu.

Mimi nilikuwa nikijiuliza: shirika likiuzwa, mnunuzi atakapofungua daftari na kukuta Sumbawanga, atafanya nini? Mji wa hasara, mwisho wa barabara. Sikuona mfanyabiashara mwenye akili timamu ambaye angetubakiza kwa bei ileile. Mpango wa kuliuza uliachwa, nami sikusikitika.

Kilichotubadilishia maisha hakikutoka katika mjadala huo. Ulikuwa ni waya wa kilovoti 66 kutoka Mbala, ng'ambo ya mpaka, uliotuletea megawati chache za Zambia. Mashine za dizeli zikabaki za akiba. Baadaye Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na sheria ya mwaka 2005, ukasogeza nguzo vijijini, na kaya ikaunganishwa kwa Sh 27,000. Nimeona nyumba ya nyasi yenye mita ya LUKU ukutani.

Ila umeme wa jirani una mvua ya jirani. Sehemu kubwa ya umeme wa Zambia hutokana na maji ya Kariba na Kafue, na ukame wa mwaka 2024 uliwaingiza wenzetu katika mgawo mkali kuliko wowote waliokuwa wameuona. Giza la namna hiyo haliombi hati ya kusafiria. Ndiyo maana naitazama kwa matumaini ile njia ya kilovoti 400 ya kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, iliyoidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2018. Itatuunganisha na gridi yetu wenyewe, na gridi hiyo na ya Zambia, ili atakayepungukiwa aazime kwa mwenzake.

Jirani yangu mwenye mashine ya kusaga alinunua mota ya umeme zamani, unga ukatoka kwa gharama nafuu. Ile injini yake ya dizeli ameifunika gunia pembeni. Kila Jumamosi huifunua, huiwasha kwa dakika chache, kisha huifunika tena. Nilimwuliza mbona haiuzi. Akacheka, akaniambia nimshikie dumu.