Zebaki: mvuke wa dhahabu unaofika hadi jikoni

Zebaki, ile wachimbaji wa dhahabu wanaita merkire, ni metali ya majimaji inayong'aa kama fedha, tena nzito: litri moja ina karibu kilo 13.5. Wanaichanganya na mchanga uliooshwa, inashika vumbi la dhahabu, linatoka donge. Donge likiwekwa motoni, zebaki inapanda kama mvuke, dhahabu inabaki.

Mvuke huo hauna harufu, kwa hiyo hakuna anayekimbia. Wengine wanachomea nyumbani, kwenye mbabula ile ile ya kupikia bukari, watoto wakiwa pembeni! Unapita kwenye mapafu, unafika kwenye ubongo na figo: mikono inatetemeka, mtu anasahausahau. Kwa mama mwenye mimba, unamfikia mtoto tumboni.

Ile inayomwagika mtoni inageuka sumu kali zaidi na kuingia samaki. Kule Minamata, Japani, ugonjwa wa namna hiyo ulitambuliwa mwaka 1956, baada ya kiwanda kumwaga zebaki baharini. Kwa wakaaji wa Kiambi, wanaokula samaki wa mto Luvua, hiyo si habari ya mbali.

Kitambaa usoni hakizuii mvuke. Kuna chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba la kurudisha zebaki. Mchimbaji anaitumia tena. Asiye nacho achomee mbali na nyumba, asimame upande upepo unakotoka.