Vijiji vya vijana: somo la Unyakyusa kwa viongozi wa vijana kanisani

Leo nina jambo ambalo nimekaa nalo tangu nikiwa na miaka 15, na nimegundua kwamba ili nilieleze vizuri inabidi nipitie kwenye historia. Vumilieni.

Tulikuwa darasa la kipaimara. Rafiki yangu mmoja alimwendea kiongozi wetu wa vijana (kanisa silitaji, na kiongozi simtaji) akamfungulia moyo. Siri yenyewe ilikuwa ya kawaida kwa umri ule: pombe, na msichana. Jumapili iliyofuata kiongozi yule alisimama mbele akaonya juu ya "kijana mmoja kati yetu". Jina hakulitaja, na wala hakukuwa na haja. Shingo zote ziligeukia benchi moja. Rafiki yangu alikaa mpaka ibada ikaisha, akashikana mikono na watu mlangoni, na hakurudi tena. Sisi wengine tulibaki, tukapata kipaimara na picha tukapiga. Lakini tangu siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia mtu mzima wa kanisa lile jambo lolote la maana.

Kiongozi yule alikuwa akitusisitiza kila wiki: "Niamini mimi, mimi ni kaka yenu." Nimejiuliza sana kosa lilikuwa wapi. Ni ule mdomo wake tu, au kulikuwa na zaidi?

Jibu nimelipata mahali nisipotarajia: Kyela, kwenye tambarare ile ya mpunga na kakao kati ya milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa, na kwenye miinuko ya Rungwe juu yake. Wanyakyusa wa huko walikuwa na utaratibu ambao wataalamu wa dunia nzima wameusoma. Mvulana akifika miaka 10 au 11 hivi alitoka nyumbani kwa baba yake. Hakufukuzwa. Yeye na wenzake wa rika lake walikwenda pembeni ya kijiji cha wazazi wakajenga vibanda vyao, na hapo wakaanzisha kijiji chao wenyewe. Kwa miaka kadhaa wadogo waliendelea kujiunga, kisha mlango ukafungwa na wadogo waliobaki wakaenda kuanzisha chao. Wenye kijiji wakakua pamoja, wakaoa, wakazeeka wakiwa majirani.

Mama Monica Wilson, mwanaanthropolojia kutoka Afrika Kusini, aliishi huko na mumewe Godfrey miaka ya 1930, na mwaka 1951 akachapisha kitabu kizima kuhusu vijiji hivi. Anaeleza kwamba wavulana hawakukatwa na wazazi. Mchana walilima mashamba ya baba zao. Wakati wa kula walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walilala kwao. Kulikuwa na neno la kutaja faida ya maisha hayo: ukwangala, yaani kukaa pamoja na wenzako kwa raha, kula, kuongea, kujifunza adabu kutoka kwa wenzako. Mtu aliyejitenga alionekana ana kasoro.

Sasa subirini sehemu ninayoipenda zaidi. Watoto wa chifu walipokuwa wameshakua na wenzao wameoa, ilifanyika sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka. Hapo wazee waliwakabidhi vijana nchi: ardhi, uongozi wa vijiji, na madaraka. Chifu mzee alitoka njiani. Hata haikutarajiwa aishi muda mrefu baada ya hapo. Fikirieni jambo hilo. Jamii nzima ilikuwa imepanga, kwa kalenda yake yenyewe, siku ya wazee kuachia.

Sitaki kupamba. Wasichana hawakuwa na vijiji vyao. Wengi walichumbiwa wakiwa wadogo sana. Ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa baba, kwa hiyo vijana walisubiri miaka mingi kuoa huku wazee wakiongeza wake, na ugomvi uliotokana na hilo haukuwa mdogo. Haikuwa paradiso. Lakini kijana wa miaka 12 alikuwa na mahali pake, na watu wazima walimwamini kiasi cha kumwachia mahali hapo.

Mwaka 1891 wakafika wamisionari wa Kijerumani, makundi mawili karibu kwa wakati mmoja, wakipitia Zambezi, Shire na Ziwa Nyasa. Wa Berlin waliongozwa na Alexander Merensky. Hao ndio chanzo cha Walutheri wa KKKT Dayosisi ya Konde. Wamoravian waliongozwa na Theodor Meyer, wakaanzia Rungwe, na baadaye wakashuka hadi Ipyana, hapo hapo Kyela.

Hawa Wamoravian ndio walionishangaza. Chimbuko lao jipya ni Herrnhut, kijiji cha Saxony kilichoanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa dini kwenye ardhi ya Mkuu Zinzendorf. Na Herrnhut ilipangwa vipi? Kwa marika! Watoto, wavulana, wasichana, vijana wa kiume wasiooa, wajane, kila kundi na ibada zake na viongozi wake. Mwaka 1728 vijana wa kiume wasiooa wakaanza kuishi pamoja katika nyumba yao. Mwaka 1730 Anna Nitschmann alichaguliwa kuwa mzee wa wanawake wote wa Herrnhut. Alikuwa na miaka 14. Ndiyo, 14, umri ambao leo tunamwambia binti asikorofishe mazoezi ya kwaya.

Kwa hiyo walikutana watu wawili waliogundua jambo lile lile kila mmoja kwao. Lakini kufikia karne ya 19 zile nyumba za marika zilikuwa zimefifia huko Ulaya, na mafundisho yaliyokuja na wamisionari yalisisitiza ndoa ya mke mmoja na nyumba ya baba, mama na watoto. Zikaja shule, kodi ya mkoloni, migodi ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, safari za kutafuta kazi migodi ya kusini, na uhaba wa ardhi. Vijiji vya vijana vikafifia navyo. Siyo kanisa peke yake lililoviua, tuwe wakweli. Ila kanisa lilibaki kuwa moja ya nyumba chache za kuwapokea vijana waliokosa kijiji.

Na kuna wakati lililazimika kuwaamini. Mwaka 1916, vita vilipofika kusini-magharibi, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa. Kwa karibu miaka 10 sharika zilikuwa mikononi mwa walimu na wazee wa hapo hapo, wakisaidiwa kutoka mbali na Waskochi wa misheni ya Livingstonia. Waliokuwa wavulana wakati wamisionari wanashuka majini walikuwa sasa ni watu wazima, na kanisa lilikuwa lao. Halikufa. Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920 walilikuta lipo.

Wamarekani nao wana hadithi yao. Jim Rayburn, aliyeanzisha shirika la Young Life huko Texas mwaka 1941, aliacha kuwangoja vijana kanisani akawafuata shuleni na viwanjani, akishikilia kwamba lazima ujenge urafiki kwanza ndipo usikilizwe. Leo semina nyingi za viongozi wa vijana hufundisha hivyo kama uvumbuzi. Ni kweli tupu, lakini mama wa Kinyakyusa aliyepika chungu kikubwa kwa ajili ya mwanawe na wenzake sita alishayajua hayo.

Sasa narudi kwa kiongozi wetu. Naona kosa lake halikuanzia mdomoni. Alitaka sisi tumwamini yeye, lakini yeye hakutuamini kwa lolote. Hatukuwa na mahali petu. Hata chumba cha mazoezi ufunguo ulikaa kwake. Hatukuwahi kupanga ibada hata moja. Hakuwahi kula na sisi. Siri ya rafiki yangu ilipofika mikononi mwake, aliiona kama mali ya mtu mzima, ya kutumia anavyoona yeye. Imani ilitakiwa kupanda kutoka kwetu kwenda kwake. Unyakyusa ilianza kushuka kutoka kwa wazee: kwanza kibanda, halafu chakula, mwisho nchi yenyewe.

Mahali ninapoona mabaki ya ukwangala leo ni kwenye kwaya za vijana na matawi ya UKWATA mashuleni. Ukienda mazoezi ya kwaya jioni utakuta vijana wanaimba nusu saa na kuongea saa nzima, na mzee wa kanisa analalamika kwamba wanapoteza muda. Mzee wangu, shikamoo, lakini ile saa moja ndiyo kazi yenyewe. Waachie ufunguo. Wape mradi na hesabu zake waziendeshe, wakikosea wakosee. Kaa nao ule nao. Ukiambiwa jambo, life na wewe, labda liwe la kuhatarisha uhai au usalama wa mtoto. Hapo mwambie kwanza yeye mwenyewe kwamba itabidi mtafute msaada, na mwende pamoja.

Rafiki yangu nilionana naye si muda mrefu uliopita. Ana mke na mtoto. Tuliongea mpira, tukaongea bei ya mchele. Wakati wa kuagana nikamuuliza kama mtoto ameshabatizwa. Akacheka, akasema mama yake humpeleka kanisani. "Mimi namsindikiza mpaka getini," akasema, "halafu nawasubiri nje."

Ninyi mnaonaje, ndugu zangu? Na kwenu, nani aliwahi kukuachia ufunguo?